Uzi: Stenlesi kwenye malori na matela ya umeme, tusiijenge kwa mazoea ya chuma cheusi

Fundi Tela (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka mezani. Kila nikisoma mijadala ya malori ya umeme naona watu wanabishana kuhusu betri, vituo vya kuchajia na bei ya umeme. Gari lenyewe litajengwa kwa chuma gani, hakuna anayeuliza. Kazi yangu ni matela: kuunda, kunyoosha, kubadilisha sakafu, kuchomelea chesisi zilizopasuka. Kwa hiyo nitaongea kutokea chini ya tela, ndiko ninakokujua.

Lori la dizeli huchoka injini kwanza. Mwenye gari akishafungua injini mara mbili tatu, sakafu ya tela ikioza haimuumi sana, maana gari zima limeshachoka. Kwenye lori la umeme hesabu inageuka. Mota haina pistoni, haina injekta, haina tabo. Betri ikizeeka inafunguliwa bolti, inashushwa, inapandishwa nyingine. Kinachobaki kuamua gari litaishi miaka mingapi ni chuma chenyewe, na chuma chetu kinaliwa na kutu.

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, naipenda na nimeichomelea miaka mingi, hasa matenki ya maziwa. Ila nimeona pia inavyoharibiwa na sisi mafundi wenyewe. Kuna tela liliwahi kuletwa karakanani limewekwa sakafu ya stenlesi nzuri kabisa, halafu aliyelifunga akatumia bolti za kawaida nyeusi. Misimu miwili ya mvua tu, bolti zimeliwa shingo zote, sakafu inacheza juu ya mihimili kama bati la paa lililong'oka misumari. Mwenye mali akalalamika kwamba stenlesi ni feki. Haikuwa feki. Ukikutanisha metali mbili tofauti na maji ya chumvichumvi, ile dhaifu inaliwa, na inaliwa haraka zaidi ikiwa ndogo mbele ya ile kubwa. Bolti ndogo nyeusi kwenye pleti pana ya stenlesi haina uhai.

Sasa uzito, kwa sababu kwenye umeme uzito ndio kesi yenyewe. Mercedes eActros 600, iliyoanza kuundwa kiwandani Wörth, Ujerumani, mwaka 2024, ina betri tatu za kWh 207 kila moja (kWh, kilowati-saa, ni kipimo cha umeme), jumla kWh 621, kwa safari ya takriban km 500. Betri za aina hiyo ukizipigia hesabu hazishuki chini ya tani 4. Tani hizo zinatoka kwenye mzigo wako. Ulaya wametunga sheria inayoruhusu lori lisilotoa moshi kuongeza hadi tani 2, Marekani wanaongeza pauni 2,000, karibu kilo 900. Kwetu Afrika Mashariki mizani inasimama kwenye tani 56 kwa gari na mzigo, ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili tani 18, tatu tani 24. Kwa hiyo betri ikiongeza, tela lazima lipunguze.

Je, stenlesi inapunguza? Hapa ndipo wengi tunapotea. Kwa ujazo uleule ni nzito sawa na chuma cheusi (chuma cha kawaida): mita moja ya ujazo ni karibu tani 7.9, wakati alumini ni 2.7. Na ile stenlesi laini ya 304 (namba hizi ni majina ya aina) tunayonunua dukani inaanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 205 hivi, kipimo cha nguvu ya chuma, wakati chuma cheusi cha kawaida kinavumilia mpaka 250. Ukibadilisha chuma cheusi kwa 304 laini, unene uleule, umelipa pesa nyingi na nguvu umepunguza. Faida inakuja kwa njia nyingine. Kuna stenlesi ya 301, kromi asilimia 17 na nikeli 7, ambayo ikipitishwa kwenye roli baridi inazidi kukakamaa. Ile iliyokazwa mpaka mwisho inafika megapaskali 965. Ukigawa nguvu kwa uzito, hiyo inaipita alumini ya aina ya 6061 iliyokazwa vizuri kwa joto.

Lakini ukiiwekea elektrodi ukaipika kama unavyopika chuma cheusi, ugumu wote wa pale ulipochoma umeuyeyusha. Mkanda wa pembeni mwa mshono unarudi kuwa laini. Hili ndilo kosa nililolianzishia uzi huu.

Na halikuanza kwetu. Miaka ya 1930 kampuni ya Budd ya Philadelphia ilitaka kujenga treni ya stenlesi ya 18-8, yaani kromi 18 na nikeli 8. Stenlesi ya wakati ule ilikuwa na kaboni nyingi. Ukiichoma taratibu, ikakaa muda kwenye joto la kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni inajishika na kromi pembeni mwa mshono, na pale palipopungukiwa kromi panaanza kutu. Mhandisi wao Earl Ragsdale akaja na namna ya kuchoma kwa nukta: unabana mabati mawili, unapitisha umeme mkubwa sana kwa sehemu ndogo ya sekunde, unakata. Joto halipati nafasi ya kusambaa. Metali inabaki ngumu, na haishiki kutu. Tarehe 26 Mei 1934 treni yao, Zephyr, ilitoka Denver hadi Chicago, zaidi ya km 1,600, kwa saa 13 na dakika 5.

Ukiangalia picha za mabehewa ya Budd utaona ubavuni kuna mikunjo kama ya bati la msauzi. Kazi yake ilikuwa kukaza. Bati jembamba la stenlesi lina nguvu ya kutokatika, ila linabonyea kirahisi, na mkunjo ndio unaolikaza bila kuongeza kilo. Bati jembamba, gumu, lililokunjwa, likashonwa kwa nukta: hiyo ndiyo sarufi ya stenlesi. Pleti nene iliyochomelewa mshono mrefu ni sarufi ya chuma cheusi.

Karibuni. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Dereva wa Tunduma

Fundi, heshima yako. Mimi napiga Dar–Tunduma na kuvuka Nakonde. Swali langu ni la barabarani. Watu wanasema lori likiwa jepesi betri inadumu zaidi safarini. Je, tela likipungua tani moja, mlima Kitonga nitausikia tofauti?

Fundi Tela

Mkuu, tufanye hesabu, maana hapa watu wanadanganywa sana. Gari la tani 50 likipanda mita 100 za kimo linatumia karibu kWh 13.6 kwa kupanda tu, bila kuhesabu upepo na matairi. Tani moja kati ya hizo 50 ni kWh 0.27. Kwa betri ya kWh 600 hutaisikia. Na ukiteremka, mota inageuka jenereta na sehemu ya umeme inarudi. Kitonga wakati wa kushuka utapenda umeme kuliko kitu chochote, breki zako zitakuwa za baridi.

Faida ya kupunguza uzito ni mzigo. Tani moja uliyotoa kwenye tela ni tani moja ya shaba au mbolea unayolipwa kila safari. Anayekuuzia wepesi kama njia ya kuokoa umeme kwenye lori kubwa, muulize hesabu yake.

Mhandisi Kijana

Fundi, nimefurahi kuona mtu anataja 301. Ila niruhusu nipinge kidogo. Kuna vyuma vya nguvu kubwa visivyo stenlesi, vya megapaskali 700, na matela mengi mapya yanaundwa navyo. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya stenlesi na vinachomeleka kwa mashine za kawaida ukifuata kiwango cha joto. Kwa nini mtu ahangaike na kuchoma nukta?

Fundi Tela

Hapo umegusa penyewe, na kwa mihimili mikuu ya chesisi nakubaliana na wewe moja kwa moja. Chesisi ya tela ningeiunda kwa chuma cha 700. Stenlesi kwenye mhimili mkuu ni kupoteza pesa.

Tatizo la hivyo vyuma linakuja kwenye sakafu na mbavu. Faida yake yote ni kwamba unatumia pleti nyembamba. Pleti ya milimita 8 ikipoteza milimita moja kwa kutu, umepoteza sehemu moja ya nane. Ile ya milimita 3 ikipoteza milimita hiyohiyo, theluthi imekwenda. Kutu haijali chuma ni cha 250 au 700, inakula vilevile. Kwa hiyo kadiri tunavyokwenda kwenye wembamba ili kulipia uzito wa betri, ndivyo kutu inavyokuwa adui mkubwa zaidi. Hilo ndilo linalonirudisha kwenye stenlesi.

Na si lazima iwe 301 wala 304. Wasauzi walibuni stenlesi iitwayo 3CR12, kromi asilimia 12 hivi na nikeli karibu hakuna, kwa ajili ya migodi na mabehewa ya makaa ya mawe. Inabadilika rangi, inakuwa ya kahawia juujuu, watu wanadhani imeoza, kumbe unene hauondoki. Sakafu ya tipa ya chuma cheusi cha milimita 4 ni kilo 31.4 kwa kila mita ya mraba. Ukiweka 3CR12 ya milimita 3 ni kilo 23 na ushee. Tipa lenye mita za mraba 60, sakafu na mbavu, limepungua karibu nusu tani, na huna haja ya kuwekea milimita ya ziada ya kuliwa na kutu.

Mama Matela

Fundi habari. Mimi ni mmiliki, natoa matela yangu kwa mikataba ya kwenda Kongo. Kurudi tunabeba shaba, kwenda kuna wakati tunabeba kiberiti cha migodini (salfa). Nakuambia kile kiberiti kimenimalizia mabodi. Kikilowa mvua tu, mwaka haupiti. Nataka kujua: hii stenlesi itastahimili? Na bei yake inapanda na kushuka vipi, maana mwaka 2022 niliulizia bei nikaambiwa kila wiki bei nyingine.

Fundi Tela

Shikamoo mama. Nianze na bei kwa kuwa ndiyo itakayokuamulia. Kinachoipandisha 304 na 301 ni nikeli. Machi 2022 soko la metali la London lilifikisha nikeli zaidi ya dola 100,000 kwa tani ndani ya siku moja, mpaka wakasimamisha biashara. Kila kiwanda cha stenlesi kilitikisika. 3CR12 haina ugonjwa huo kwa sababu haitegemei nikeli. (Na tukumbuke nikeli iko kwetu pia, Kabanga kule Ngara, na Burundi wanayo Musongati. Siku tukiiyeyusha wenyewe mazungumzo yatakuwa mengine.)

Kuhusu kiberiti: kikikaa na unyevu kinatengeneza asidi, na asidi ndiyo inayokula mabodi yako. 3CR12 itadumu kuliko chuma cheusi, lakini nisikudanganye kwamba haitaguswa. Kwa mzigo huo ningeweka 304 yenye kaboni kidogo, ile ya herufi L mwishoni, kwenye sakafu na nusu mita ya chini ya mbavu ambako unyevu unakaa, halafu juu 3CR12. Na uoshe bodi kila ukirudi. Tundu la kutoa maji kila kona, mama. Nimeona mabodi ya gharama yakioza kwa sababu fundi hakuacha tundu la kidole.

Changamwe Boy

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hapa kwetu stenlesi ya 304 ikikaa nje miezi michache inapata madoa ya rangi ya chai, hata vyuma vya ngazi vya majengo ya baharini. Sisi tunabeba chumvi kutoka Gongoni na Marereni. Fundi unashaurije?

Fundi Tela

Ndugu yangu, kwa chumvi mbichi nitakuambia usinunue stenlesi. Kloridi ya chumvi inatoboa 304 vitundu vidogo kama vya sindano, na vitundu hivyo vinakwenda ndani bila wewe kuona. 3CR12 ndiyo itashindwa mapema zaidi. Iko 316, iliyoongezwa molibdeni asilimia 2 hivi, inavumilia hewa ya bahari vizuri, lakini kwa chumvi iliyolowa iliyolala juu yake siku nzima sitaiwekea dhamana. Weka chuma cha kawaida chenye rangi nzuri, halafu utandike shiti nene ya plastiki ndani, ubadilishe inapochakaa. Madoa ya chai kwenye hewa ya bahari tu yanatoka kwa maji baridi na sabuni ukiwahi.

Mswahili wa Edmonton

Nawafuatilia kutoka Kanada, huku naendesha malori. Nichangie lile ninaloliona kila siku. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi na maji ya kloridi ya magnesi. Matela yenye fremu ya mlango wa nyuma ya chuma cha kawaida yanachubuka na kuvimba kwa miaka michache. Kwa hiyo matela mengi ya friji huku yananunuliwa na fremu ya nyuma ya stenlesi. Bodi yote inabaki alumini au fiba, pale nyuma tu ndiyo stenlesi, kwa sababu pale ndipo forklifti inapogonga na maji ya chumvi yanapoganda.

Na kuhusu Budd, treni ya The Canadian ya VIA Rail, shirika la treni za abiria la huku, inapita hapa Edmonton. Mabehewa yake yaliundwa na Budd mwaka 1954 na 1955. Mpaka leo yanabeba abiria. Ndani yamebadilishwa mara kadhaa, ngozi ni ileile.

Fundi Tela

Mkuu, umenipa mfano ambao sikuwa nao. Miaka 70 ngozi ileile, na ndani wamebadilisha walichotaka. Lori la umeme ndivyo ninavyoliona: betri ya leo itatolewa, itakuja iliyo nyepesi zaidi, bodi ibaki.

Na hiyo fremu ya nyuma inaonyesha akili ninayoitafuta. Stenlesi iende pale panapooza na pale panapopigwa.

Mhandisi Kijana

Fundi, sasa tuongelee Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla, maana ndiyo iliyowafanya vijana wengi waamini kwamba gari la umeme la baadaye ni la stenlesi.

Fundi Tela

Ile ni ngozi ya stenlesi ngumu, bila rangi. Naheshimu kazi ya kuikunja metali ngumu kiasi kile. Lakini fremu ya chini ina sehemu kubwa za alumini ya kumimina, na Machi 2025 karibu magari yote yaliyouzwa, zaidi ya 46,000, yaliitwa yarudi kwa sababu kipande cha pembeni mwa paa kilichobandikwa kwa gundi kilikuwa kinabanduka. Mimi nakumbushwa hapo jambo la kifundi: stenlesi na metali nyingine hazitanuki sawa kwenye jua. Stenlesi ya nikeli inatanuka karibu mara moja na nusu ya chuma cheusi. Ukiishika kwa gundi au ukiifunga kwa bolti bila kuiachia nafasi, jua la Dodoma litakufungulia. Matundu ya bolti ya kwenye bodi ya stenlesi yawe marefu upande mmoja, na kati ya metali mbili tofauti pawe na plastiki au mpira.

Kinachonivutia zaidi kwenye lori la umeme ni sanduku la betri. Linakaa chini, linapigwa mawe, linapita madimbwi, na ndani kuna umeme wa mamia ya volti. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, stenlesi inakaribia 1,400. Betri ikiwaka, tofauti hiyo ni dakika za dereva na utingo kushuka na kukimbia. Ningependa sanduku hilo liwe la stenlesi hata kama sehemu nyingine zote zingekuwa za kitu kingine. Na kule Ujerumani na California wameanza kuunda matela yenye ekseli ya umeme na betri yake chini ya tela. Hilo likifika huku, sanduku la betri litaletwa kwetu mafundi wa matela, halitakuwa tena la kampuni ya lori pekee.

Dereva wa Tunduma

Na matela ya friji? Kuna jamaa zangu wanabeba minofu ya sangara kutoka Mwanza.

Fundi Tela

Friji ni kesi nzuri sana ya stenlesi. Joto linapita kwenye alumini ya bodi zaidi ya mara saba kuliko kwenye stenlesi. Kila mbavu ya alumini inayounganisha nje na ndani ni njia ya joto kuingia, na kwenye friji ya umeme kila joto linaloingia linalipwa kutoka kwenye betri. Ngozi ya ndani ya stenlesi nyembamba inaoshwa kwa dawa kali bila kuharibika, haifichi harufu ya samaki.

Mama Matela

Fundi, nimeelewa. Swali la mwisho: mafundi wetu wataweza? Mimi sitaki kuwa wa kujifunzia.

Fundi Tela

Mama, swali lako ni la haki. Nikiri wazi: mashine kubwa ya kuchoma nukta karakanani kwetu hatuna, na inataka umeme mzito. Kwa hiyo 301 ngumu kwa sasa siwezi kukuundia kwa haki. Ninachoweza ni 3CR12 na 304L, ambazo ni laini tayari, na zinachomeleka kwa gesi ya argoni. Vipande vya kukunjwa nitavifunga kwa ribiti za stenlesi.

Masharti yangu ni haya, na muulize fundi yeyote kabla hujampa kazi. Waya wa kuchomelea 304L kwa 304L ni 308L, na kuunganisha stenlesi na chuma cheusi ni 309L. Akikuambia waya wowote unafaa, ondoka. Grenda na brashi za stenlesi zisiguse chuma cheusi hata siku moja, maana vumbi la chuma cheusi likishika juu ya stenlesi linaanza kutu pale pale. Mshono usafishwe mpaka rangi ya bluu na kahawia iondoke, hapo ndipo kromi inapata hewa na kujifunika tena. Na achome vipande vifupi akiruka huku na huku, kwa sababu stenlesi haisambazi joto vizuri, inakunjamana kama karatasi iliyolowa.

Leta tipa moja, mama, lile linalobeba kiberiti. Tutaweka sakafu mpya nusu ya mbele 304L na nusu ya nyuma 3CR12, nitapima unene kwa mashine ya mawimbi ya sauti siku ya kwanza mahali kumi, nichore alama, halafu kila ukirudi kutoka Kolwezi kule Kongo tunapima palepale. Vipimo nitavibandika hapahapa.